Fumba mato unuse: Akina mama wa Lamu na mashindano ya udi

Iwapo hujawahi kutia guu Lamu, nakushauri ufike siku ya Alhamisi, na ufike jioni. Mchana mji huu huonwa kwa macho: majahazi, milango ya nakshi, punda waliolemewa na mawe ya kujengea, watalii na kamera zao. Lakini Alhamisi, jua linapozama upande wa bara na usiku wa Ijumaa unapoingia, Lamu hunuswa. Pita Usita wa Mui, ile njia kuu iliyo nyuma ya nyumba za ufuoni, kisha uchepuke uingie kichochoro chochote. Kwanza utakutana na harufu ya mavi ya punda (hakuna haja ya kukuficha), halafu kahawa yenye tangawizi, halafu samaki wa kukaanga. Hatua chache mbele, kutoka kwenye dirisha usiloliona, moshi mwembamba utakuteremkia. Huo ndio udi.

Kiswahili chetu hakikosi heshima katika jambo hili. Kitu kibaya hunuka, kizuri hunukia, na mwenye pua hunusa. Maneno matatu, shina moja, na ole wako mgeni ukimwambia mwenye nyumba kwamba chumba chake kinanuka.

Ninalotaka kukusimulia leo ni namna akina mama wa mji huu wanavyoupima udi wakiwa wamefumba macho, na jinsi akiba ya mama mmoja ilivyotegemea pua za watu wanne kwa usiku mzima.

Mama mwenyewe anaishi Langoni, upande wa kusini wa mji. Kazi yake ni kukaanga mahamri alfajiri, ambayo watoto huyanunua wakielekea shuleni na chuoni. Binti yake wa kwanza alikuwa aolewe baada ya majuma matatu. Sasa, kwa watu wa pwani, harusi bila udi ni kama pilau bila bizari. Nguo za bi harusi hufukizwa, nywele zake hufukizwa, matandiko na chumba pia, na wageni nao hupitishiwa chetezo. Udi hauwezi kukosekana, tena hauwezi kuwa mbovu, kwa maana miongoni mwa watakaounusa ni wakwe.

Mchuuzi mmoja alikuwa amemletea kisanduku cha mahameli nyekundu chenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Ndani mlikuwa na vipande vya mti vyeusi ti, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Bei yake ilikuwa sawa na faida ya mahamri ya miezi miwili. Mama akatoa arubuni, akarudi nyumbani na kipande kimoja cha kuonja, amefurahi. Bibi yake bi harusi alipoonyeshwa, hakugusa. Aliuliza tu, "Mmeunusa au mmeuona?"

Ndipo ikaamuliwa kwamba udi huo ushindanishwe.

MTI ULIOUGUA

Kabla sijakukaribisha ndani, yafaa ujue kinachobishaniwa. Udi ni mti, na jina lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya mti au kijiti. (Ala ya udi unayoisikia katika taarabu imepata jina lake kutoka neno hilo hilo.) Unatoka katika miti ya jamii ya Aquilaria, ambayo huota katika misitu ya Asia: Assam kule India, Bangladesh, Burma, Thailand, Laos, Kambodia, Vietnam, Malaysia, na visiwa vya Indonesia. La kustaajabisha ni kwamba mti huo ukiwa mzima hauna thamani kubwa. Mbao zake ni nyeupe, nyepesi, hazinukii. Ni mpaka ujeruhiwe, labda na wadudu au kwa tawi kuvunjika, kisha kuvu waingie katika kidonda, ndipo mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito wenye rangi ya kahawia na nyeusi. Utomvu huo ukilowa ndani ya mbao kwa miaka mingi, ndio udi. Kwa maneno mengine, tunachofukizia nguo za bi harusi ni ugonjwa wa mti.

Si kila mti huugua, na kwa hiyo udi wa msituni ni adimu. Kilo moja ya daraja la juu huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Madukani mafuta yake hupimwa kwa tola, kipimo cha kale cha India ambacho ni kama gramu 11.66, yaani kiasi kinachojaa kichupa cha kuficha kiganjani. Wakataji waliandama miti hiyo hadi ikaanza kutoweka. Mwaka 1995 mmoja wa miti hiyo uliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambapo biashara ya nchi na nchi huhitaji kibali, na mwaka 2005 jamii nzima ya Aquilaria ikaingizwa. Siku hizi wakulima wa Asia huupanda mashambani, wakautoboa mashimo kwa keekee na kuupachika kuvu makusudi ili uugue upesi. Udi wa shamba ni halali na umewasaidia wengi, lakini waulize akina mama wa Lamu nao watakwambia kwamba wanaujua kwa kuwa "una haraka".

Ulifikaje Lamu? Kwa upepo. Kuanzia mwezi wa Novemba hadi Machi kaskazi huvuma, na kwa karne nyingi upepo huo uliyaleta majahazi ya Arabuni, Ghuba na India yakiwa yamebeba tende, mazulia, vyombo, na katika sanduku la nahodha, udi. Kusi ulipoanza yaliondoka na boriti za mikoko ya Lamu, ambazo zilitumika kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wa boriti ng'ambo mwaka 1982, biashara hiyo ya majahazi ilipata pigo kubwa. Hivi leo udi huja kwa ndege, ndani ya mifuko ya wanaorejea kutoka Muscat, Dubai, Jedda au umra. Zamani nahodha aliyekuuzia kibovu ungemkuta tena kaskazi ijayo, akashitakiwa barazani. Mchuuzi wa leo ana simu, na simu huzimwa.

CHETEZO CHA KWANZA

Karibu ndani sasa. Acha viatu kwenye daka, pita tekani, uingie kiwandani, ule uwanja mdogo wa ndani ulio wazi kwa nyota. Chumba cha kunusia kiko mbele yake. Kina kuta nene za mawe ya matumbawe na zile zidaka za chokaa zilizopangwa ukutani, safu juu ya safu. Chumba kama hiki hushika harufu, ndiyo maana dirisha limeachwa wazi.

Waamuzi ni wanne. Bibi ndiye mkubwa wao. Kuna shangazi yake bi harusi, mwanamke mcheshi na mwepesi wa kusema. Kuna somo, yule anayemfunda mwari, ambaye amepita katika harusi nyingi kuliko hesabu. Na kuna jirani, mwalimu wa shule ya msingi. Mama wa mahamri hakuruhusiwa kuamua. "Mwenye fedha pua yake i mfukoni," shangazi alimwambia, na wote wakacheka, naye akakaa pembeni akikunja na kukunjua upindo wa leso yake.

Masharti yalikuwa machache lakini makali. Kila mmoja amefunga macho kwa kitambaa. Kila mmoja amejifunika leso puani hadi mdomoni mpaka chetezo kifike mbele yake, ili asikunje uso wala kutabasamu mwenzake akasikia pumzi zake. Hakuna kusema, kwa sababu neno la kwanza huvuta mengine: akisema mmoja "huu mzuri", watatu waliobaki wameshaunusa kwa sikio. Kila mwamuzi ana kikombe na mbaazi kavu. Udi ukimpendeza sana atatia mbaazi 5, ukimchukiza atatia 1, na asitie hata moja mpaka moshi uishe.

Sharti hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Mgeni hudhani udi una harufu moja. Una tatu. Kuna ya kwanza inayotoka kipande kinapoguswa na joto, kuna ya katikati utomvu unapochemka, na kuna ya mwisho mti wenyewe unapokaribia kuwa jivu. Wanaoghushi huifanyia kazi ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayofungua pochi. Huchukua mti wa kawaida, wakaulowesha mafuta yenye harufu ya kutengenezwa viwandani, wakaupaka weusi, na mara nyingine wakautia uzito ili uzame majini kama udi halisi wenye utomvu mwingi. Jicho litakudanganya, na hata mkono utakudanganya. Pua yenye subira ni vigumu kuidanganya.

Mbebaji wa vyetezo alikuwa binamu wa bi harusi, msichana wa kidato cha tatu. Makaa aliyawasha kiwandani, akayafunika kwa jivu ili joto liwe la taratibu, maana kaa jekundu huunguza udi mzuri ukanuka kama kuni. Alipewa vitu vinne: vile vyeusi vya kisanduku cha mahameli, vipande vya rangi ya kahawia ambavyo mjomba aliyeko Muscat alivituma vimefungwa katika mfuko wa plastiki usio na jina, udi wa kupikwa wa fundi mmoja wa mtaa huo, na pakiti ya bei rahisi kutoka dukani. Lakini msichana huyo alikuwa na hila yake, ambayo alimnong'oneza mwandishi huyu peke yake. Angepeleka vyetezo vitano. Kimoja kingerudi mara mbili.

"Fumba mato, mwanangu, nawe unuse," Bibi alimwambia mgeni wake. Basi nawe msomaji, fumba.

Chetezo cha kwanza kilipoingia hata asiyejua angejua. Harufu ya sabuni ya kufulia, kisha sukari inayoungua, kisha moshi tu unaochoma macho hata yakiwa yamefungwa. Mbaazi zilidondoka moja moja. Ilikuwa pakiti ya dukani.

Kila baada ya chetezo, waamuzi waliongozwa kwa mkono hadi kiwandani wakapumua upepo wa baharini. Huenda umeona katika maduka ya manukato wakiweka bakuli la buni ili mteja anuse "kusafisha pua". Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba buni haisaidii kuliko hewa ya kawaida. Lamu wana hewa ya kawaida nyingi, bure.

Chetezo cha pili kilianza kimya. Kwa dakika nzima ungedhani hakuna kitu. Kisha ikaja harufu ya ngozi mpya, ya msitu uliolowa mvua, yenye uchungu kidogo, halafu uchungu ukageuka utamu bila kukuambia ni wakati gani. Hakuna aliyesogea.

Cha tatu kilikuwa ngurumo. Waridi, miski, vanila, vyote kwa pamoja, chumba kikajaa. Shangazi alishaanza kunyoosha mkono kwenye mbaazi, na somo, ambaye hakuona lolote, akausikia mlio wa kikombe na kukohoa kidogo kumkumbusha sharti. Mkono ukarudi. Ilipofika kama dakika ya nne waridi iliondoka ghafla kama mgeni aliyekumbuka shughuli, na nyuma yake ikabaki harufu ya nailoni inayoungua. Mwalimu alipiga chafya. Mama pale pembeni, ambaye macho yake yalikuwa wazi na alikijua kipande kile cheusi kinachofuka mbele ya wenzake, aliinama chini.

Cha nne kilikuwa udi wa kupikwa, mtamu, mzito, mnene kama sharubati, wa nyumbani kabisa. Cha tano kilianza kimya.

Bibi alikisogelea, akanusa mara moja, akaegemea mto. "Huyu alitoka," akasema, akivunja sharti lake mwenyewe, "na sasa karudi." Msichana wa kidato cha tatu alishindwa kujizuia akacheka. Shangazi kwa upande wake alikuwa amekipa chetezo cha pili mbaazi 3 na cha tano akakipa 5, akaapa kwamba ni udi wa nchi mbili tofauti. Walipofunuliwa macho aliteta kwamba makaa hayakuwa sawa. Huenda alisema kweli. Joto likizidi kidogo udi ule ule hubadilika tabia, na mara ya pili pua huwa imeshajua inatafuta nini.

WAJAPANI NA WAVUTA SIGARA

Usidhani mchezo huu ni wa Lamu peke yake. Wajapani wameufanya kuwa sanaa tangu karne ya 15, kwa udi wa miti ile ile ya Aquilaria, na wao hawasemi kwamba wanaunusa, husema wanausikiliza. Katika mchezo wao mmoja huandaliwa aina 5 za udi, kila aina pakiti 5, zote 25 zikachanganywa, kisha zikachukuliwa 5 bila kuangalia. Kila mshiriki husikiliza vyetezo vitano vikipita, halafu huchora mistari kuonyesha vipi vinafanana na vipi viko peke yake. Mwanafunzi anayependa hesabu ajaribu kuorodhesha majibu yote yanayowezekana: ni 52. Mchezo huo huitwa kwa jina la riwaya ya kale ya Genji, na kila mchoro una jina la sura yake. Binamu wa bi harusi alikuwa ameufikiria mchezo wa Japani bila kuusikia kamwe.

Katika mji wa Nara huko huko Japani kimehifadhiwa kipande kimoja cha udi chenye urefu wa sentimita 156 na uzito wa kilo 11.6, na walioruhusiwa kukimega wanahesabika. Mbabe wa vita Oda Nobunaga alimegewa mwaka 1574, mfalme Meiji mwaka 1877.

Nao wapenzi wa sigara kubwa za Cuba, Nikaragua na kwingineko wana mchezo kama huu. Huivua sigara ile pete ya karatasi yenye jina la kiwanda, wakapeana bila jina, wakavuta na kuandika: imeanza vipi, imegeuka wapi, imemalizikaje. Mara nyingi ya bei ghali hushindwa na ya bei nafuu, na wenyewe hushikwa na haya. Visiwa vya Lamu vina tumbaku yao pia. Ukivuka hadi Pate utaikuta imelimwa katikati ya magofu ya mji wa kale wa Wanabahani. Hata hivyo tumbaku huua, na simtumi mwanafunzi yeyote akajaribu. Nimeitaja kwa ajili ya ile pete ya karatasi. Kisanduku cha mahameli ni pete tu.

LESO TANO

Kesi haikuishia usiku ule. Wakati wa kufukiza, juu ya kila chetezo kilikuwa kimetandazwa kipande cha leso kuukuu kilichofuliwa bila sabuni ya harufu, na vipande vile vitano vikatundikwa katika vyumba mbalimbali. Baada ya sala ya alfajiri Bibi alivipitia kimoja kimoja. Hapo ndipo hukumu ilipotolewa, kwa kuwa bi harusi havai moshi; huvaa kile moshi ulichoacha.

Leso ya pakiti ya dukani ilikuwa na harufu ya jiko. Ya kisanduku cha mahameli ilibaki na kitu kama sabuni ya hoteli. Zile mbili za Muscat zilinukia, tena zilifanana, jambo ambalo shangazi alilipokea kwa kusema kwamba ana kazi jikoni. Ile ya udi wa kupikwa ilinukia kuliko zote.

Hapa ningependa tumwangalie fundi aliyeupika. Ni mjane anayeishi nyumba ya sita kutoka hapo, na harusi za mtaa ndizo zinazomlisha. Huanza kwa kuchemsha sukari na marashi ya waridi mpaka ivute nyuzi, kisha hutia udi uliopondwa, mafuta ya sandali, miski, na ambari akiipata. Kila fundi ana vipimo vyake na hakuna atakayekuonyesha vyote. Baada ya kupoa mchanganyiko hukatwa vipande, ukafungiwa kwenye kopo majuma kadhaa ili ukomae. Ambari, ambayo hutoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufuoni, ni bidhaa ya pwani hii tangu zamani mno. Al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri huku kama mwaka 916, aliisifu ambari ya nchi ya Zanj. Siku hizi nyingi ni ya kutengenezwa.

Tatizo la fundi huyu ni visanduku. Udi wake hukaa katika kopo la maziwa ya unga. Vijana wanaoandaa harusi leo hupigwa picha na zawadi zao, na kopo la maziwa halipendezi pichani. Oda zake zimepungua, na binti zake wawili hawakujifunza kazi hiyo. Mmoja anasomea ualimu, mwingine yuko Mombasa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuyaona matangazo ya simu. Ukiniuliza mimi, nitakwambia hatari ya udi bandia si fedha anazopoteza mnunuzi peke yake. Kizazi kitakachokua kikinusa nailoni na waridi za viwandani kitadhani hiyo ndiyo harufu ya harusi, na siku kikiletewa kitu halisi kitasema hakinukii.

Mama wa mahamri alikwenda kwa mchuuzi asubuhi ile ile. Mchuuzi alimrudishia nusu ya arubuni na kusema nusu nyingine ni ya usumbufu. Udi wa Muscat ulikuwa kidogo, ukatengwa kwa ajili ya nguo na nywele za bi harusi. Kwa wageni, kopo mbili za fundi ziliagizwa. Shangazi alishikilia kwamba wakwe wana macho pia, akatafuta dukani kisanduku kitupu cha mahameli, cha kijani, na udi wa kopo ukahamishiwa humo. Bibi hakupinga. Alisema tu kwamba kisanduku kile hata yeye kimempendeza.

Wewe uliye Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam unaweza kuufanya mchezo huu nyumbani na watoto. Si lazima uwe na udi ghali. Nunua kidogo kidogo kutoka maduka matatu tofauti, na umtafute mtu mmoja asiyenusa abadilishe vyetezo. Fungua madirisha, kwa maana makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua, na mwenye pumu asikae karibu na moshi hata ukiwa wa bei gani. Vyetezo vitatu kwa usiku mmoja vinatosha. Pua huchoka mapema kuliko mtu anavyokiri.

Na ukitaka kwenda kwenyewe, mabasi ya kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu, njia ambayo sasa ina lami, hadi Mokowe, kisha ni mashua. Ndege hutua kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji. Mwezi wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, wageni hufurika na vyumba huwa adimu, kwa hiyo jipange mapema. Mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na hoteli zinajua hivyo, hasa katika bei.

Ukinunua udi huko usiuwashe dukani na kutoa fedha papo hapo. Omba kipande, lipia hicho kimoja, ufukizie kitambaa unakolala. Kitundike mbali na dirisha, ukinuse alfajiri, kabla hujapiga mswaki kwa dawa yenye mnanaa.